Kifuniko Kimoja kwa Kila Shimo

Katika taksi ya kwenda Bigo, Dorothée aliketi kati ya watu wawili wasiojuana, nao wakabishana huku wakiinamia magoti yake tangu sokoni. Kulia alikuwa mama aliyekimbia vita Djugu, mkazi wa kambini, amepakata mfuko mdogo wa mbolea ya dukani. Kushoto alikuwa mzee aliyekimbia Bogoro na ng'ombe wake waliobaki.

"Mama, ile kidogo itafaa nini? Hata chumvi ya mboga ya sombe inapita ile!"

"Itatosha, papa. Natia kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo, mbali kidogo na mbegu. Msimu uliopita niliimwaga juu ya mbegu, mahindi yote ikaungua. Na shamba lenyewe wameniazima kwa msimu mumoja tu."

"Udongo ukichoka, mvua itabeba yote. Utie mavi ya ngombe kwanza. Kwangu iko mulima muzima, majirani wananitukana kila asubuhi."

"Mavi mabichi inaunguza pia!"

"Nani alisema mabichi? Iko ya mwaka jana, imeoza muzuri. Kuja na kikapu."

Tangu vita ianze, watu wa pande zao mbili zilizopigana hawakupeana hata moto wa jikoni. Dorothée akaomba kimoyomoyo: Bwana, mtu asiliharibu hili sasa.

"Lakini ile ya duka uache," mzee akaongeza.

"Siachi!"

Bwana hakuharakisha kujibu.

Taksi ikasimama, mzee akashuka. Mama naye akashuka, angali akibisha.

"Mama, kambi iko mbele bado," dereva akamwambia.

"Najua," akajibu, akafunga mlango.