Mama Pipa, Aliyeutia Upepo Kazini

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pipa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa pili wa fundi baiskeli na mkulima wa mboga. Dada yake mkubwa hushikilia hadi leo kwamba neno lake la kwanza halikuwa "mama" bali "beringi". Hilo hatulikubali wala hatulikatai.

Baada ya shule ya msingi alijiunga na shule ya ufundi mwaka 1968, msichana pekee katika darasa la umeme. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia, "Binti, ushonaji ni darasa la upande wa pili."

"Najua, mwalimu. Nimelipita nikija huku."

Alihitimu mwaka 1971, akaajiriwa katika karakana ya pampu za maji, akawa fundi wa kusuka mota mpaka alipostaafu mwaka 2007. Aliyemletea mota iliyoungua alipewa kwanza kiti, kisha mahubiri.

Tarehe 17 Aprili 1976 alifunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani. Walijenga juu kabisa ya mtaa, mahali ambapo nyaya za umeme hazikufika, na baba akashona kwa taa ya mafuta miaka nenda rudi, hadi macho yakaanza kumsaliti. Alipomwona anapapasa tundu la sindano kwa kidole, mama aliingia uani na msumeno.

Alipasua pipa la plastiki katikati, akayapachika mapande yake wima kwenye mhimili mmoja, yakipeana migongo. Chini aliweka beringi ya gurudumu la gari, sumaku, na koili za waya wa shaba alizozisuka mwenyewe. Kisha akalipandisha juu ya paa, upepo ulizungushe litoe umeme.

"Mbona halina mapanga kama feni?" jirani yetu seremala aliuliza.

"Lenye mapanga hugeuka kuutafuta upepo. Hili halibagui. Uje kutoka kwako, uje kutoka kwangu, lenyewe linazunguka tu."

Dhoruba ya kwanza ilipopiga, pipa lilitikisika, likang'oka, likatua juu ya paa la seremala. Hakuumia mtu, ila bati lilipasuka na maneno yakatoka. Baba akasema, "Mke wangu, bora nishone gizani kuliko kuzikwa na pipa."

Mama hakubishana. Alimwomba seremala radhi, akapanda na nyundo na bati jipya, akaziba paa la mwenzake kabla ya kugusa la kwake. Ndipo akakagua kosa: pande moja lilikuwa zito kuliko la pili, na mhimili ulishikwa chini tu. Akalikata upya, akapanga mapande kwa ghorofa mbili zilizopishana, akaongeza breki. Fremu ya kuushika mhimili juu na chini aliitengeneza seremala mwenyewe. "Nikiifunga mimi," alisema, "najua haitaniangukia."

Jioni taa ilipowaka juu ya cherehani, baba alitunga uzi mara moja tu, ukaingia. Akainua uso, akamtazama mkewe.

"Kumbe umezeeka hivi!"

"Na wewe kumbe gauni hilo umelishona upande."

Walicheka mpaka baba akalazimika kuliweka gauni chini.

Mwaka 2022 alianza kuugua moyo. Alimuuliza daktari, "Ni pampu inavuja au mota imechoka?" Daktari akajibu, "Mota, mama." Mama akatikisa kichwa: "Basi hiyo haisukwi upya." Alirudi nyumbani, akamfundisha binti yake kupaka beringi grisi, yeye akisimamia kutoka kitini na kukosoa kila kitu. Alifariki tarehe 2 Juni 2024, nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, binti na mwana, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na jirani seremala, aliyeomba aandikwe hapa kama ndugu. Naye ni ndugu.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema.