Mama Dirisha, Aliyewapanga Wakubwa Foleni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Dirisha anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wafanyabiashara kwa sababu ya mfumo wa dirisha moja aliousimamia: mwenye kutaka kibali anajaza maombi mara moja tu kwenye kompyuta, na idara zote zinayaona kwa pamoja.

Alianza kama karani wa mapokezi. Alichoka kumwona mwenye duka la vipuri akizungushwa kutoka kodi kwenda leseni, kutoka leseni kwenda viwango, kila mlango na picha zake za pasipoti. Mfumo ulipokuwa tayari, wakuu wa idara waligoma kuunganishwa. Kila mmoja alitaka aombwe yeye, mlangoni kwake. Mama Dirisha hakugombana nao. Aliwaalika kwenye semina, akawavua tai, akawapanga foleni uani pamoja na waombaji. Mkuu wa leseni alifika dirishani jasho likimtiririka, na karani wake mwenyewe, bila hata kuinua uso, akamwambia arudi kesho. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wiki hiyohiyo wote walikubali kuunganishwa.

Foleni ikafa, uani tukaegesha magari. Muuza samaki wa jumla alikuwa akipata kibali kabla chai yake haijapoa.

Haya, tuseme ukweli, maana kijarida hiki nakihariri mimi. Mwezi uliopita Mkurugenzi mpya aliagiza kila kibali kichapishwe na kupelekwa kwake kugongwa muhuri, eti kwa usalama. Usalama wa nani? Mama Dirisha aliomba aongezewe muda, walau mpaka agizo lile lifutwe. Akajibiwa kwamba amechoka, akapumzike. Na leo ni Mkurugenzi huyohuyo atakayemvisha shada la maua na kumsifu kwa mageuzi. Inauma, jamani! Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Ni rahisi kusema kama hujafanya kazi hapa.

Dada yetu, asante kwa kutuonyesha kwamba kazi hii inaweza kufanywa kwa heshima. Tunakuombea afya njema, wajukuu wa kukuchosha, na asubuhi zisizo na haraka. Ila ukiwa na shughuli mjini, usipite mbele ya ofisi. Foleni imeshafika barabarani, na waliomo wanakuulizia.