Mtu Aliyeuvisha Mti Koti la Mkewe

Ndugu, majirani, na nyie wenzake wa chumba cha boila, asanteni kwa kuja na baridi hii. Marehemu angefurahi kuwaona. Asingesema, lakini angefurahi.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mvuke, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1950, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba alikuwa mchoma matofali, mama mfua nguo. Mama alikuwa akisimulia kwamba alipozaliwa alilia mara moja tu, akanyamaza kama mtu aliyemaliza hoja yake. Alifuatiwa na mtoto mmoja, dada yake, huyu anayewasomea, ambaye alipewa maneno ya watu wawili.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kuanzia 1958 hadi 1964. Ripoti yake ya darasa la sita ipo mpaka leo. Mwalimu aliandika: "Majibu anayo. Kazi ni kuyatoa." Baadaye akaenda chuo cha ufundi, akapata cheti cha boila.

Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akakaa na boila lao, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, miaka thelathini na tisa. Boila lina kelele, kwa hiyo walielewana: mmoja anapiga domo, mwingine anasikiliza.

Humo humo ndimo alimompata mke, fundi cherehani aliyekuwa akishona mashuka yaliyochanika, mtoto wa nchi ya joto. Walifunga ndoa tarehe 2 Juni 1979. Hawakujaliwa watoto. Wifi alikuwa mcheshi, mtu wa kucheka mpaka jirani acheke bila kujua kisa. Lakini baridi ilimshinda. Asubuhi maji yaliganda kwenye ndoo, naye akigombana na ndoo. Tarehe 30 Julai 1988 alifunga sanduku. Koti lake la sufu la kijani aliliacha kwenye msumari, maana aendako halina kazi. Mlangoni akasema, "Mvuke, hapa hata mnazi haumei, sembuse mimi."

Mwanamume mwingine angesema "Usiende." Kaka yetu alikwenda kutafuta mbegu.

Alikuwa amesikia kuna jamaa za mnazi, binamu zake wa milimani, wanaovumilia baridi. Akaagiza mbegu mia kwa posta. Aliziloweka siku tatu, akizibadilishia maji ya vuguvugu kila asubuhi, akazilaza kwenye unga wa mbao wenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye rafu kando ya boila. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu, mbegu arobaini na moja zikatoa mzizi mweupe kama jino la mtoto, akazihamishia kwenye makopo nyumbani.

Hapo dada mtu ana la kuungama. Mche wa mti ule mwaka wa kwanza ni jani moja, jembamba, sawasawa na nyasi. Siku moja mwaka huo alikuja kumsaidia kaka yake usafi.

"Kaka, nimekung'olea majani yote yaliyojiotea kwenye makopo."

"Majani gani?"

"Yale membamba! Yalikuwa yamejaa, we mwanamume huoni? Wala usinishukuru."

Hakumshukuru. Hakumgombeza pia. Alichukua ndoo ya taka, akakaa nayo kwenye ngazi, akachambua jani moja moja mpaka giza likaingia. Miche sita ilipona. Mmoja kati ya hiyo sita ndio ule ulioko uani, unaopita paa la jikoni.

Aliupanda ardhini mwaka 1993, ukiwa unamfika gotini. Baridi ilipoanza aliufunga magunia, na magunia yalipokwisha akatoa lile koti kwenye msumari. Alilifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Mwaka 2004, mti ulipolipita dirisha, aliupiga picha akampelekea mkewe. Nyuma aliandika: "Umemea." Jibu likaja kwa kadi: "Mti ni mzuri, hongera. Lakini sikuondoka kwa sababu ya baridi. Miaka tisa nilikula chakula cha jioni na redio, na wewe umekaa hapo hapo."

Kadi ile aliiweka kwenye kopo la mbegu. Hakuijibu. Ila baridi iliyofuata, mleta barua mgeni alimsimamisha dada mtu njiani.

"Mama, yule bibi wa uani kwa Mvuke ana kiburi! Kila nikipita nampa shikamoo, haitikii."

"Bibi gani? Kaka yangu anaishi peke yake."

"Yule mwenye koti la kijani. Mbona mzee anaongea naye kila jioni?"

Dada akaenda kuchungulia. Kaka yake alikuwa amesimama mbele ya mti, kofia mkononi. "Habari za kutwa? Mimi leo nimebadilisha vali ya boila. Wewe je?" Akangoja. Akakohoa. Akaanza tena mwanzo, kama mtoto anayekariri shairi la shule.

Alikariri miaka kumi na saba.

Machi 2022 mapafu yalianza kumsumbua, na tarehe 20 Juni alilazwa hospitali ile ile, juu ya boila lake la zamani. Kitanda kilikuwa kikitetemeka kidogo; alisema amelala pazuri. Kila siku aliuliza, "Umemvisha?" Dada akajibu, "Nimemvisha, kaka."

Jumapili tarehe 3 Julai, mchana, akasema, "Nipigie wifi yako." Namba ilikuwa kwenye ile kadi. Dada alipiga, akamwachia simu, akaenda kusimama kwenye korido. Kupitia mlango akasikia, "Habari za kutwa?" Mazungumzo yaliendelea dakika arobaini. Muuguzi alikuja mara mbili na kipimajoto, mara mbili akarudishwa.

"Haya, amesemaje?"

"Amesema, 'Samahani, nani mwenzangu?'" Akacheka mpaka kikohozi kikamzuia. "Halafu amesema anakuja."

Alifariki Jumanne tarehe 5 Julai, saa nne asubuhi. Wifi alifika Alhamisi, na viatu vya wazi, anatetemeka. Alipitiliza mpaka uani, akasimama mbele ya mti.

"Wifi, hili si koti langu?"

"Ndilo."

"Miaka yote hii?"

"Kila baridi."

Akalifungua vifungo kimoja kimoja, akalivaa. Ndiye huyo mstari wa mbele, msimshangae.

Dada alihofu mti utakufa, umebaki wazi. Akafungua daftari la kaka yake la mbegu atafute la kufanya. Kwenye Mei 1999 kaka ameandika: "Mti umekomaa. Hauhitaji tena kuvishwa."

Marehemu ameacha mke mmoja, dada mmoja, mleta barua mmoja ambaye bado anaona haya, na miti sita.

Kaka, lala salama. Na huko ulikofika wakikusalimia, usinyamaze.