Sista Selina Agutu na Nyonga ya Mzee Maige

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Ilemela, na ninyi mliovuka asubuhi kwa kivuko cha Kamanga, mimi ni Zadok, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, kazi ambayo nimeipokea kwa machozi, lakini pia kwa furaha ambayo nimeshindwa kuificha.

Selina Agutu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Kinesi, Rorya, mtoto wa pili wa mvuvi, akasoma shule ya msingi palepale kijijini mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari Musoma hadi 1981, akaja Mwanza kusomea uuguzi, akahitimu mwaka 1985, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali ya hapa mjini, chumba cha upasuaji, alikokaa miaka thelathini na saba akitunza vyombo na kumkabidhi daktari mkononi kile anachokihitaji, mara nyingi kabla hajakitaja.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yangu, Mwalimu Oyoo, ambaye mnamwona hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, Akoth, Ouma na Favour, wote wakilelewa hapa Ilemela.

Sasa naomba mnivumilie, maana kuna jambo la mwaka 2016 ambalo siwezi kulisoma haraka haraka.

Mzee Maige, mkulima wa pamba kutoka Magu, alikuwa na nyonga bandia aliyowekewa miaka mingi nyuma, nayo ikawa imelegea, kile chuma kirefu kinachoingia ndani ya mfupa wa paja kikawa kinacheza juu huku chini kimeng'ang'aniwa na saruji ya mifupa, mzee hapigi hatua bila magongo, halali kwa maumivu, na Daktari Mayala akakubali kuitoa na kuweka nyingine, upasuaji ambao hospitali ile haikuwa imewahi kuufanya.

Ulipangwa Jumanne, tarehe 4 Oktoba. Jumatatu yake dada alimwomba mzee karatasi ya upasuaji wa kwanza, akasoma aina ya chuma alichowekewa, akaenda stoo akapata kimoja cha aina ileile ambacho hakijawahi kutumika, akajaribu kukifungia chombo cha kung'olea walicholetewa, kikazunguka bila kushika, ndipo akaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari.

"Daktari, hiki hakishiki."

"Sista, mgonjwa ameshaandaliwa. Nitagonga kwa nyundo mpaka kitoke."

"Ukigonga bila kukishika, mfupa utapasuka, na mzee hatasimama tena. Mimi sitapanga meza hiyo."

Daktari alikasirika, mwenyewe amenikubalia niyaseme haya, lakini alikichukua kile chombo, akajaribu kwa mkono wake, kikazunguka vilevile, akaahirisha.

Dada akampelekea kile chuma cha stoo fundi Lukman, mkereza vyuma, aliyetengeneza kichwa kipya cha chombo kwa chuma kisichoshika kutu, akakirudia mara tatu, mafundi wa hospitali wakakipima na kukivuta kwa nguvu zote, uongozi ukakipitisha, kikaingizwa kwenye mashine ya mvuke, na Jumanne tarehe 18 Oktoba Mzee Maige akaingia.

Jamani, saa tano nzima! Daktari alifungua palepale penye kovu la zamani, akaukata mfupa kwa urefu kama kifuniko chembamba, akaivunja saruji kidogo kidogo kwa patasi ambazo dada alimpa moja baada ya nyingine, wakafunga kile kichwa cha Lukman, kikashika, nyundo ikapigwa ya kwanza, ya pili, na kwa ya tatu chuma kikatoka kizima, mfupa salama! Wakaingiza kipya kirefu zaidi, kilichopita sehemu ya mfupa iliyoliwa, wakarudisha kifuniko na kukifunga kwa nyaya, chumba kizima kikataka kushangilia, dada akasema, "Makofi baadaye, kwanza tuhesabu vyombo," vikahesabiwa, vikatimia, na hapo akatoka koridoni akacheza peke yake mpaka kofia ikamdondoka.

Januari iliyofuata Mzee Maige alirudi akitembea, fimbo ameibana kwapani. Hadi dada anastaafu mwaka 2023, upasuaji wa namna hiyo ulikuwa umefanyika mara arobaini na moja.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akatutoka nyumbani kwake, Mwalimu Oyoo akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kulala hapa siku zote hizi, fundi Lukman aliyetengeneza msalaba huu, na wafanyakazi wote wenzake dada. Daktari Mayala na wauguzi wawili hamwaoni hapa, kwa sababu leo ni Jumanne na wana mama mmoja mezani, nyonga yake imelegea, walitupigia simu wakiuliza kama waahirishe ili waje kumzika, nasi familia tukawajibu wasithubutu, maana dada angewafukuza hapa msibani.

Lala salama, dada yangu. Wameanza saa mbili.