Marehemu Romani Kobelo, Mchora Lebo za Chupa (1909–1957)

Tumemleta Romani Kobelo hapa makaburini Kinondoni leo, Jumamosi, tarehe 22 Juni 1957. Kabla udongo haujarudishwa, tunaomba mtusikilize kidogo tuwasimulie alivyoishi. Wengi wenu mmeiona kazi ya mikono yake bila kujua kuwa ni yake. Yule jogoo mwenye miwani kwenye chupa za brandi alimchora yeye. Simba aliyeketi kitini kama karani, naye ni wake. Liko pia jambo moja ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe mbele ya watu, mkewe akiwepo. Litasemwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1909 huko Matombo, katika milima ya Uluguru, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Klementi Kobelo na mama Agata. Dada yake, Yustina, ndiye aliyembeba mgongoni wazazi walipokuwa shamba. Anasimulia kwamba mtoto yule hakuwa mlizi. Alikuwa akilowesha kidole kwa mate na kuchora mistari kwenye mgongo wa dada yake, kutwa nzima, mpaka usingizi umchukue.

Mwaka 1919, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokwisha, alianza shule ya misheni, akafika darasa la nne. Wakati huo picha za Njia ya Msalaba kanisani zilikuwa zimeliwa na mchwa, na bruda mmoja, alipoona mkono wa kijana huyu, akampa rangi azitengeneze. Romani alizitengeneza vizuri, ila askari mwenye mjeledi akampa uso wa mwalimu wao wa hesabu. Ijumaa moja mwalimu alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu, darasa zima likiwa nyuma yake. Mwishowe akageuka, akamwambia Romani, "Pua umeikosea. Yangu ndefu zaidi." Hapakuwa na kiboko. Tangu siku hiyo Romani aliamini kwamba mtu akijikuta kwenye picha hucheka. Imani hiyo aliishi nayo hadi ukubwani, na ndiyo iliyomponza.

Alishuka Dar es Salaam mwaka 1927, akapanga chumba Keko, na mwezi Agosti 1929 akapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha Bwana Najmuddin Bandali, kule Uhindini. Kwanza alikuwa msaga mawe. Picha zilichapwa kwa mawe mazito ya kuchorea, na kazi moja ikiisha jiwe husagwa kwa mchanga na maji mpaka picha ya zamani itoke yote, ndipo lichorwe upya. Miaka mitatu alisaga. Siku moja Bwana Najmuddin akamkuta amechora kipepeo pembeni ya jiwe lililokuwa likingoja kusagwa. Hakumkaripia. Alimwondoa kwenye mchanga, akampa meza karibu na dirisha.

Mwaka 1936 ndipo ilipokuja kazi ya vileo. Bwana Menezes, Mgoa aliyekuwa akiagiza brandi na mvinyo kwa mapipa na kujaza chupa mwenyewe ghalani kwake, alitaka lebo zenye picha. Bwana Najmuddin, mtu wa dini, alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alimwita Romani akamwambia, "Hii kazi yako peke yako. Wewe utachora, wewe utachapa, wewe utafunga. Mie hata harufu ya wino wake sitaki." Tena akaweka sharti kwamba chupa ya kupimia isivuke kizingiti. Basi kila ilipokuja chupa mpya, Bwana Menezes aliisimamisha barazani, imeoshwa na kufungwa kwa gazeti, na Romani akachuchumaa nje juani akiizungushia ukanda wa karatasi kama fundi anayempima bibi harusi kiuno. Wapita njia walimtania sana.

Kinywaji chenyewe hakukijua. Sheria ilimkataza Mwafrika kununua vinywaji vya namna ile, naye hakutafuta njia ya uani. Alikuwa akimwuliza Bwana Menezes ladha yake ikoje, na Bwana Menezes alimwambia, kwa mfano, kwamba huu mtamu mwanzoni halafu unakwaruza. Romani akarudi mezani akachora utamu unaokwaruza. Lakini iko sababu ya pili iliyomfanya asionje, nayo ilikuwa nzito kuliko sheria.

Tarehe 3 Februari 1934 marehemu alifunga ndoa na Tekla, binti wa katekista. Kaka yake Tekla alikuwa amekufa kwa gongo. Aliokotwa mtaroni njia ya Vingunguti, na Tekla ndiye aliyeitwa kwenda kumtambua. Kwa hiyo posa ilipokuja, Tekla aliweka neno moja mbele ya wazee, kwamba katika nyumba yake kileo kisiingie kwa sura yoyote. Romani aliahidi, na kwa mdomo wake hakuivunja ahadi ile hata siku moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Filomena na Anselmi.

Mwaka 1938 Bwana Menezes alitaka lebo ya mvinyo mtamu mwekundu, na juu yake mwanamke anayecheka. Romani alijaribu wiki mbili. Kila mwanamke aliyemchora alionekana kama anayeumwa jino. Mwisho akamchora Tekla, jinsi alivyomwona asubuhi moja akimcheka kuku aliyeingia jikoni na kutoka na ungo shingoni. Akamweka vile vile alivyo, na kovu lake dogo juu ya nyusi ya kushoto.

Alijua analofanya, ndiyo maana alitafuta pa kujificha. Picha ya kwenye jiwe huchorwa kinyume ili karatasi ikilazwa juu yake itoke sawa. Uso wa Tekla hakuugeuza. Aliuchora jinsi ulivyo, hivyo ukachapwa kinyume, na kovu likahamia kulia. Aliona hapo hakuna jirani atakayemtambua. Tena alijiambia kwamba chupa zile ni za mezani kwa Wazungu na Wagoa, na kwa sheria ilivyo hazitafika Keko wala Temeke. Alisahau jambo ambalo kila mama wa mitaa hiyo analijua. Chupa iliyojaa ilikatazwa kuja kwetu, lakini chupa tupu zote za mji huu huishia kwetu, zikiwa na mafuta ya nazi na ya taa.

Vita vya pili vilipoanza mapipa yaliacha kuja. Mawe nayo yakawa adimu, na Bwana Najmuddin akaagiza yote ya zamani yasagwe. Romani alisaga jogoo, akasaga simba, akasaga yote isipokuwa moja. Lile alilifunga kwa gunia na kulisukuma chini ya kabati. Haikuwa kwa ajili ya Bwana Menezes. Hakuwa amewahi kuchora kitu kizuri kama kile, na wala hakuwa na picha nyingine ya mkewe akicheka. Mwaka 1946 mapipa yaliporudi, Bwana Menezes aliuliza habari ya yule mwanamke. Romani angeweza kusema jiwe limesagwa pamoja na mengine, na habari ingekwisha pale pale. Akainama, akalitoa.

Mwezi Septemba 1948, wakati familia imeshahamia Temeke, Tekla alinunua mafuta ya nazi kwa jirani. Lebo ilikuwa haijaoshwa. Majirani walikuwa wameziona chupa kama ile miezi mingi, na wakisema tu kwamba mwanamke yule kama wamemwona mahali, labda ana undugu na watu wa Kilwa. Wao walimjua Tekla kwa kumtazama usoni. Tekla mwenyewe alijijua kwa kioo chake cha mkononi, na kwenye kioo kovu lake lilikuwa upande ule ule lilipochapwa. Hakuhitaji kuangalia mara mbili.

Romani aliporudi kutoka kazini alikuta chakula kimeandaliwa na chupa iko kando ya sahani. Mkewe alimkaribisha, akangoja anawe, kisha akauliza.

"Baba Filomena, huyu nani?"

"Mwanamke tu. Wa kubuni."

"Wa kubuni."

"Mwangalie vizuri, Mama Filomena. Kovu lake liko kulia. Lako liko kushoto."

Tekla aliingia ndani akatoka na kioo, akakisimamisha kando ya chupa na kuweka uso wake mbele yake. Marehemu alisimulia kwamba aliona nyuso tatu za mkewe kwa mara moja, na iliyokuwa ikicheka ni ile ya kwenye chupa peke yake. Akasema tena kwamba siye.

"Ungesema ndiye mimi," Tekla alimwambia, "ningenuna wiki, yangeisha. Kaka yangu alifia kwenye hiki kitu, nawe umenibandika juu yake. Hilo ningelimeza. Lakini unaniambia mie sijui sura yangu?"

Kesho yake asubuhi Romani alikwenda kazini mapema kuliko wote, akalimwagia jiwe lile mchanga na maji, na kulisaga kwa mikono yake mpaka likawa jeupe. Bwana Menezes aliambiwa limepasuka, na akachorewa kichala cha zabibu. Kwa hiyo uso wa Tekla uliacha kuchapwa siku ile ile. Romani hakumwambia. Kumwambia amelisaga kungekuwa kumwambia kwamba alikuwa amemchora.

Tangu hapo waliishi kwa adabu. Chakula kilikuwa tayari, salamu haikukosekana, watoto walisomeshwa na kuozwa vizuri. Ila Romani alipomtazama mkewe, Tekla aligeuza uso taratibu, kama mtu anayekwepa jua. Krismasi ya mwaka 1952 marehemu alijikaza akamwomba akae kidogo uani amchore. Alikusudia siku hiyo aseme yote, kalamu ikiwa mkononi. Tekla aliendelea kuchagua mchele. "Mchore yule yule wa kubuni," alisema. "Mie si namfanana tu?" Romani akarudisha kalamu mfukoni.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1955. Mwanzoni alidhani ni vumbi la mawe litakalotoka lenyewe. Mwezi Machi mwaka huu aliacha kazi, na tarehe 1 Juni alilazwa hospitali ya serikali mjini. Bwana Najmuddin, ambaye sasa ni mzee sana, alikwenda kumwona mara mbili. Tekla alikuwa naye tangu asubuhi mpaka wageni wanapotolewa, kila siku.

Jumapili, tarehe 16 Juni, Yustina alikuja kumtazama akitoka kwake Mwananyamala. Tekla alikuwa ametoka nje kusuuza kikombe cha uji. Romani alimshika dada yake mkono, akamweleza haya yote mliyoyasikia, kwa haraka, macho yakiwa mlangoni.

"Mwambie Tekla yule ni yeye," alisema. "Mwambie nililisaga."

"Mwambie mwenyewe, mdogo wangu. Yuko bombani tu, anarudi sasa hivi."

"Akirudi nitashindwa, dada. Miaka tisa nashindwa."

"Basi mie nimwambie lini?"

"Mkinizika. Mbele ya watu. Nilimkana tukiwa wawili, asafishwe mbele ya wengi."

Tekla alirudi na kikombe, na Romani akaomba maji. Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Juni, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Basi agizo linatimizwa. Mwanamke aliyekuwa akicheka kwenye chupa za mvinyo wa Bwana Menezes, tangu mwaka 1938 hadi 1948, alikuwa Tekla, mke wa Romani Kobelo. Alichorwa bila kuulizwa. Alipouliza, aliambiwa uongo. Mumewe alilisaga jiwe lile asubuhi iliyofuata, na tangu siku hiyo hakuchora tena uso wa mwanamke yeyote.

Marehemu ameacha dada yake, Yustina, watoto wawili, Filomena na Anselmi, wajukuu watatu, na wenzake wa kiwandani, ambao ndio walioichapa karatasi mliyoshika.

Ameacha pia mjane wake, Tekla. Jana asubuhi, kabla maneno haya hayajapelekwa kuchapwa, alipewa ayasome, kwa kuwa tusingethubutu kuyatoa bila ruhusa yake. Aliyasoma mpaka mwisho, akarudia mahali pa jiwe kusagwa. Kisha akasema yasomwe, ila liongezwe neno lake, nasi tunaliongeza kama alivyolitamka: "Andikeni kwamba siku zote kumi na tisa nilikuwa pale pale, kiti changu kimegusa kitanda chake. Nilikuwa namngoja aseme. Hakuwa na haja ya kutuma mtu."

Mungu amlaze Romani Kobelo kwa amani.