Pikipiki ya Ng'ambo ya Mbuga

Benchi la kijiwe cha Isevya lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na linatazamana na duka la pikipiki. Hakuna aliyelipanga hivyo. Benchi lilitangulia, duka likaja baadaye. Lakini tangu duka lije, hakuna pikipiki iliyouzwa upande ule wa barabara bila kujadiliwa kwanza upande huu. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa mashariki, joto limebana, na Shaban muuza kahawa alikuwa akipepea mkaa chini ya birika lake huku akitazama juu kama mtu anayesubiri majibu ya barua. Katikati ya benchi alikaa Mahona, mkulima wa vijiji vya nyuma ya Kwihara, kofia mapajani, koti la mkutanoni mwilini. Alikuwa amekuja mjini kununua pikipiki. Akapita kijiweni kunywa kikombe kimoja tu. Hicho kilikuwa cha nne.

Kilichomketisha Mahona pale ni hofu. Shamba lake la mpunga liko ng'ambo ya mbuga, bonde la tope jeusi, na katikati ya mbuga upo mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu na masika unamfika mtu kiunoni. Msimu uliopita mpunga ulivunwa vizuri, ukafungwa vizuri, halafu ukakaa palepale ng'ambo hadi ukaota ndani ya magunia. Mkokoteni wa ng'ombe ulizama. Bodaboda waliokodiwa walifika ukingoni, wakatazama maji, wakageuza. Mkewe, Minza, alisema jambo moja tu wakati wanamwaga ule mpunga: ukiozea kule mara ya pili, yeye halimi tena; shamba achukue Masanja. Na Masanja, jirani yao, tayari alikuwa na tabia ya kupita mpakani jioni akiwa ameweka mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji.

Kwa hiyo pikipiki ilikuwa lazima, tena leo, kabla mvua haijafunga njia. Kwenye kibaraza cha duka zilikuwapo mbili. Moja nzito, pana, imepakwa nyekundu, keria yake kubwa kama kitanda cha mtoto. Nyingine nyeusi, nyembamba, ndefu miguu, tairi zenye meno, madigadi ya mbele yamepanda juu mbali na tairi. Hiyo nyembamba ilikuwa moja tu iliyobaki, na mtu mmoja mwenye suti alikuwa akiizunguka.

Mahona akainuka.

— Kaa chini, ndugu yangu, akasema Doto. Yule hanunui. Mtu wa kununua hashiki kiuno.

Doto kijiweni huitwa Spana. Ni fundi wa redio, na hajawahi kumiliki pikipiki, jambo ambalo limemwachia muda mwingi wa kuzifikiria. Mahona akakaa.

— Mimi nakwambia chukua ile nyekundu, Spana akaendelea. Injini ya mia na hamsini ile. Shamba linataka nguvu. Unapakia magunia mawili, mama nyuma, jembe ubavuni, unaondoka.

— Na tope la mbuga? Mahona akauliza. Lile jeusi? Linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Nimeona kwa macho yangu. Mtu anakaa na kijiti anachokonoa, anakwenda hatua tatu, anachokonoa tena.

— Tope linaheshimu uzito. Kitu chepesi kinateleza. Kizito kinazama kidogo, kinapata sakafu.

— Mbuga haina sakafu, Spana.

— Kila kitu kina sakafu. Hujafika tu.

Mzee Nurdini alikohoa. Kikohozi chake kinajulikana: ni cha mtu anayefungua kikao. Alistaafu katika ofisi moja ya serikali ambako alikuwa mtunza stoo, na kijiweni wanamwita Waraka, kwa kuwa hana habari isiyoanza na waraka.

— Kuna waraka, akasema, uliotoka enzi hizo, kuhusu pikipiki za mabwana shamba. Ulielekeza kwamba ziwe nyepesi, ziwe ndefu, ziwe na gia ya kwanza yenye nguvu. Kama ile nyembamba pale. Zikaletwa tano.

— Ehee, Mzee, akasema Mahona, moyo ukimwinuka kidogo. Zilifanyaje kule mashambani?

— Hazikwenda.

— Ziliharibika?

— Zingeharibikaje? Zilikuwa nzuri mno. Mkuu wetu alisema hatuwezi kuzipeleka porini zikachubuke kabla mgeni rasmi hajazizindua. Mgeni rasmi akahamishwa. Aliyefuata akasema hawezi kuzindua vitu vya mwenzake. Nikazifunika turubai. Kila robo mwaka naandika taarifa: pikipiki tano, hali nzuri sana. Mpaka zinapigwa mnada kwa uchakavu, viti bado vilikuwa na nailoni.

— Sasa hiyo inanisaidia nini mimi, Mzee?

— Inakuonyesha kwamba zinadumu.

Shaban alicheka, akamimina kahawa ambayo Mahona hakuiagiza. Upande wa pili mwenye suti alikuwa ameinama, akijitazama kwenye kioo cha pembeni cha ile nyembamba. Akatoa leso, akafuta kiatu, akaondoka zake. Mahona akashusha pumzi, halafu akagundua kwamba sasa hakuwa na mtu wa kumsingizia haraka yake. Akainuka tena.

— Niacheni niende. Nachukua ile nyepesi.

— Nyepesi gani ya magunia mawili? Spana akamdaka. Ile ni mia na ishirini na tano. Shokapu zake ndefu, ukipakia tu inakaa kitako kama mbwa. Halafu wewe na mama mtakaa juu mmeangalia mawinguni.

— Nitapakia gunia moja moja.

— Safari zitakuwa mara mbili. Petroli mara mbili. Mto mara mbili.

Mahona alikaa. Hilo la mto mara mbili lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

— Basi nisaidieni vizuri, akasema. Msinichezee. Masanja keshanunua kamba ya kupimia.

Kijiwe kilimeza funda moja kwa adabu. Kisha Shaban, ambaye kwa kawaida hutoa maoni kwa kuongeza au kupunguza sukari, akajitosa.

— Mimi naona shida siyo pikipiki. Shida ni rangi.

— Rangi.

— Ukitoka huku na nyekundu, mnapishana na ng'ombe, wanatawanyika. Una mizinga kule?

— Ninayo michache.

— Basi nyeusi nayo haikufai. Nyuki hawaitaki. Wewe unahitaji ya kijani, na ya kijani haipo. Ndiyo maana mtu wa shamba hapa Tabora hafanikiwi na pikipiki. Wanaotengeneza hawajakaa na nyuki.

— Kaa na mkaa wako, Spana akamwambia. Mahona, nisikilize. Nimepata. Unanunua zote mbili.

— Kwa nini nisinunue na treni?

— Tulia. Nyekundu inakaa huku, ile nyembamba inakaa ng'ambo. Mpunga unakuja na nyembamba mpaka ukingoni. Mnavusha magunia kwa kichwa. Huku nyekundu inasubiri. Hakuna pikipiki inayolowa. Mto umeushinda bila kuugusa.

— Na ile ya ng'ambo itafika vipi ng'ambo?

— Unaipeleka kiangazi.

— Na petroli yake masika?

Spana akaomba kashata.

— Hapo ndipo mnapokosea, akasema Waraka. Mnazungumza kama pikipiki ni kitu kipya. Njia ya misafara ilipita hapohapo Kwihara. Watu walitoka huku na mizigo mpaka pwani, mmoja nyuma ya mwenzake, hakuna hata gurudumu moja. Njia ikachongeka upana wa nyayo. Sasa pikipiki ni nini? Ni magurudumu mawili, moja nyuma ya lingine. Ni msafara wa watu wawili. Kwa hiyo pikipiki sahihi ni ile ambayo umbali wa gurudumu mpaka gurudumu ni sawa na mpagazi mpaka mpagazi. Ikiwa hivyo, njia yenyewe itaitambua.

— Umbali huo ni kiasi gani, Mzee?

— Kuna waraka.

— Uko wapi?

— Tuliufunika turubai.

Mahona alicheka na wenzake, lakini jicho lake lilikuwa dukani. Alijaribu kujiona kichwani akiwa juu ya ile nyekundu, magunia nyuma yake, Masanja amesimama mpakani anakula vumbi. Picha ikaja vizuri, ila kila ilipofika ukingoni mwa mto ilikatika, ikaanza upya kutoka nyumbani. Akajaribu na ile nyembamba. Ikakatika palepale. Ngurumo ikapita mbali, upande wa Kwihara au zaidi.

— Pale mtoni si waliwawekea daraja? Shaban akauliza.

— Waliweka bango la daraja, akasema Mahona. Maji yalilichukua mwaka uleule.

Hapo ndipo Minza alipotokea, kutoka sokoni, kamba mpya za katani begani na magunia matupu yamekunjwa kichwani. Mwanamke mfupi, mkavu, asiye na haraka wala nafasi. Aliuona mkono wa mumewe umeshika kikombe, akaangalia dukani, akaziona pikipiki zote mbili bado zimesimama. Akapiga goti kidogo mbele ya Mzee Nurdini.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, mama. Karibu. Tupo hapa tunamsaidia mzee wako.

— Naona. Baba Ng'washi, mmefikia wapi?

— Tunachambua, akasema Mahona, na neno lenyewe likamwonea haya mdomoni. Hawa wanasema ile nyekundu ina nguvu, inabeba magunia mawili. Ile nyembamba haishiki tope. Sasa kuna hoja ya uzito, na kuna hoja ya...

— Ya rangi, Shaban akamalizia.

Minza alishusha magunia kutoka kichwani, akayaweka kwenye kona ya benchi ambayo wanaume waliiachia upesi.

— Sawa. Na pale mtoni, hiyo mtakayochagua, tutaibeba na nani?

Spana alitazama kikombe chake. Waraka alikohoa, lakini safari hii kikao hakikufunguka.

Mahona alijua alichoulizwa. Kila mtu wa ng'ambo ya mbuga anajua. Masika pikipiki haivuki mto kwa kuendeshwa. Inazimwa, inafungwa kwa kamba kwenye mti mrefu, watu wawili wanaingiza mabega chini ya mti, mmoja mbele na mmoja nyuma, wanaingia majini na injini inaning'inia juu ya maji. Wapo vijana wenye nguvu wanaofanya kazi hiyo, ila wakati wa kuvuna nao wapo mashambani kwao. Asubuhi nzima alikuwa amejiona juu ya pikipiki. Hakujiona chini yake hata mara moja, na bega la pili, hata angelitafuta kijiji kizima, lilikuwa hili hapa lenye kamba za katani.

— Ina kilo ngapi ile nyekundu? akamuuliza Spana.

Spana, aliyekuwa amejua gia, shokapu, ujazo wa tangi na mwendo wa juu kabisa wa pikipiki zote mbili, hakujua. Waraka akasema lazima imeandikwa mahali. Minza alikuwa keshavuka barabara.

Wakamfuata, Mahona mbele. Minza hakugusa usukani wala kuuliza bei. Aliiendea nyekundu, akashika keria kwa nyuma, akamwonyesha mumewe mbele kwa kidevu. Wakainua. Mbele ilipanda kidogo. Nyuma ilikataa kabisa.

— Mama, samahani, muuzaji alitoka ndani akijifuta mikono. Pikipiki inajaribiwa kwa kuendeshwa.

— Nakusikia, baba, akasema Minza, akahamia kwenye ile nyembamba.

Hiyo ilipanda. Ilipanda hadi kiunoni, ikayumba, ikatulia. Minza akasema ishushwe, akachomoa mti uliokuwa ukishikilia turubai la kibaraza, turubai likamwangukia muuzaji kichwani, na kabla hajajitoa humo kamba mpya za katani zilikuwa zimeufunga mti ule kwenye usukani na kiti kwa mizunguko ya kutosha. Mahona mbele, Minza nyuma. Wakasimama. Wakaanza kuvuka barabara ya Isevya na pikipiki ikining'inia kati yao kama mnyama aliyewindwa. Bodaboda mmoja alifunga breki, akazima injini yake, akasubiri wapite, kama mtu anayepisha jeneza.

Walipofika kijiweni waliishusha. Minza alikuwa anahema kwa mdomo. Shaban akampa kikombe bila kuulizwa, akaliinua birika, akalitikisa, likatoa mashapo.

Muuzaji alifika akikimbia.

— Mama, hata hamjaiwasha. Mtajuaje kama ni nzima?

— Ikiwaka itatubeba yenyewe, akasema Minza. Tulitaka kuiona ikiwa imezimwa.

Alijishika bega la kulia, akalizungusha polepole. Kitenge kilikuwa kimejikunja pale mti ulipokalia, na chini yake ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Spana alianza kusema kitu kuhusu shokapu. Waraka akamgusa goti, naye akaacha.

— Keria ya hii itolewe, akasema Minza. Inaongeza uzito nyuma. Mtoni magunia yatapita kichwani kama kawaida, nchi kavu yatafungwa kitini.

— Itatolewa, akasema Mahona.

— Na tuirudishe huko dukani, tuone bega linasemaje mara ya pili. Maana mtoni hatutavuka mara moja.

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye tangi. Mahona alivua koti lake la mkutanoni, akalikunja, akalikunja tena, akaliweka juu ya bega la mkewe na kulibonyeza mpaka likakaa. Kisha akaenda upande wake wa mti, akainama, na akasubiri Minza ndiye aseme: sasa.