Roseline Adoyo: Miaka Thelathini na Mitano, na Barua Isiyo Yake

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Roseline Adoyo anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi Mto Kuja, Migori, kwa miaka thelathini na mitano, miezi tisa na siku kadhaa. Idadi kamili ya hizo siku anaijua yeye. Sikumuuliza, maana angenituma nikahesabu mwenyewe kwenye kalenda kisha nimletee jibu kwa maandishi. Aliingia hapa Januari 1990 kama mpiga chapa na anatoka akiwa fundi wa kompyuta wa chuo kizima, pamoja na tawi letu la Magunga.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimeketi meza ya pili katika chumba chake kwa miaka saba. Mimi ni Onchiri. Wengine bado mnaniita Onchiri wa stoo, na hamjakosea sana. Nilikubali kuandika kwa sharti moja, kwamba niruhusiwe kueleza jambo la Machi 2017, lile lililoacha barua ya onyo katika faili ya Bi. Roseline. Mwenyewe hajui kwamba nitalieleza. Aliponikuta nikiandika alidhani ni orodha ya soda za leo.

Tuanze na kazi. Kwa miaka kumi na miwili ya kwanza Madam Roseline alipiga chapa kwa mashine ambayo ilisikika hadi karakana ya useremala. Kompyuta zilipofika alihamishiwa huko pamoja na kiti chake, ambacho alikataa kukiacha. Mwaka 2009 virusi vilituvamia. Kila flashi iliyoingia chuoni ilitoka na ugonjwa, na insha za wanafunzi zikawa zinageuka alama zisizosomeka. Chuo kikaamua kuhamia mfumo wa Linux, ambao hauhitaji leseni na ambao virusi vile havikuuweza. Wafanyakazi walinung'unika kama kwamba wamenyimwa chai. Katika mkutano, mwalimu mmoja wa umeme alisimama akauliza kama hiyo Linux inajua Kiingereza. Bi. Roseline alitumwa Kisumu kwa mafunzo ya wiki mbili, akarudi na CD moja, daftari lililojaa pande zote mbili, na sura ya mtu ambaye hataki mchezo.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga marufuku neno. Hapa kwetu kitu kikiharibika tunasema kimekataa. Gari imekataa, kalamu imekataa, jiko limekataa kuwaka. Kompyuta nayo ikawa inakataa kutwa nzima, na mtu akishasema imekataa anakaa pembeni kusubiri muujiza. Madam hakutaka kulisikia. "Usiniambie imekataa," alikuwa akisema. "Niambie imesema nini." Kama hukujua ilichosema, ulirudishwa ukanakili maneno yaliyo kwenye skrini, herufi kwa herufi, katika daftari kubwa la jalada gumu lililokaa mlangoni. Ukimsomea kwa haraka alikukatiza kwa Dholuo: "Mos mos. Som." Polepole, soma. Nusu ya matatizo yaliisha hapo hapo, kwa sababu mtu alipoanza kunakili aligundua kwamba kompyuta ilikuwa imemwambia la kufanya tangu asubuhi.

Naibu mkuu wa chuo, Bw. Cephas, atanisamehe nikitoa mfano wake. Kwa siku mbili aliandika nenosiri lake, skrini ikawaka, kisha ikamrudisha palepale pa kuandika nenosiri. Alikuwa ameanza kutaja majina ya watu waliomchukia. Madam aliingia kwa lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akasoma, akatangaza kwamba diski imejaa hadi mfumo hauna hata nafasi ya kumfungulia mlango. Ilikuwa imejazwa na video za kwaya ambazo Bw. Cephas aliapa amezifuta. Kweli alizifuta, lakini zote zilikuwa zimelala kwenye kapu la taka, miaka minne ya kwaya, na kapu halikuwahi kumwagwa. Lilimwagwa, naye akaingia, na wale watu wakaacha kushukiwa.

Kuna na ile wiki ambayo tovuti zote zilitufungia. Tulipiga simu kwa wenye mtandao tukawagombeza. Madam alisoma onyo, akaona linazungumzia tarehe, akatazama saa ya kompyuta na kukuta iko mwaka 2010. Kibetri kidogo cha ndani, cha ukubwa wa shilingi, kilikuwa kimekufa. Alikwenda mwenyewe sokoni kwa fundi wa saa, akarudi nacho kwenye bahasha, na kabla ya saa nne tulikuwa mtandaoni. Ilibidi mtu apige simu tena kuomba radhi, na mtu huyo nilikuwa mimi. Printa nayo ilishatufundisha adabu: mwenzetu Bi. Mourine alibonyeza kitufe cha kuchapisha mara sitini na nne kwa hasira, na Madam alipoondoa kazi moja iliyokwama mbele ya foleni, mwaliko wa siku ya wazazi ukatoka mara sitini na nne. Wazazi walikuja wengi mwaka huo.

Sifa zake zilivuka lango. Vikundi vya wavuvi vya Muhuru Bay vilimwita kutazama kompyuta ambayo iliandika mstari mtupu bila kukoma, naye akatoa gamba la samaki chini ya kitufe. Kila mwezi alikwenda Magunga kuhudumia tawi, kwa gari hadi Sori na kutoka hapo kwa boda boda, flashi zake zikiwa kwenye kopo la dawa lililofungwa vizuri. Waendesha boda wanamwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, na hawamwachi kituoni hata mvua ikinyesha.

Sasa nifike kwenye Machi 2017.

Wakati ule nilikuwa stoo, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Stoo ndiko zilikokaa funguo na matambara. Madam alikuwa ametufundisha wafanyakazi wachache, wiki moja, mambo ya Linux, na mimi nilikuwa nimetoka kifua mbele. Nilijua hata amri ya kufuta faili moja kwa moja bila kupitia kwenye kapu la taka. Nilikuwa nimemsikia akisema kompyuta ya ofisi ya mitihani imekaribia kujaa na kuna vitu inafaa vifutwe. Hayo mawili yalikuwa kichwani mwangu Jumatano ile, mkuu wa chuo wa wakati huo, Bw. Arasa, aliponipita kwa haraka. "Onchiri, futa hiyo kompyuta ya mitihani. Wageni wanakuja kesho."

Bw. Arasa alikuwa amefundisha Mombasa miaka mingi. Mtu wa huku angesema panguza. Yeye alisema futa, akimaanisha kwa kitambaa.

Nilifuta. Niliandika amri yangu vizuri kabisa, bila kosa hata moja la herufi, nikaondoa folda nzima ya mitihani. Kisha nikaenda kuripoti. Bw. Arasa alikuja kukagua, akapitisha kidole juu ya skrini, akakitazama, akaniuliza mbona vumbi bado lipo. Nilielewa wakati huo. Katika folda ile mlikuwa na alama za kazi za darasani za wanafunzi mia moja themanini na sita, na zilitakiwa kufika kwa baraza la mitihani kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Bila alama hizo hakuna ambaye angefanya mtihani wa Julai.

Nilisema nitapanguza mara moja, na badala yake nikakimbilia kwa Madam. Sikuweza kusema sentensi nzima. Alinisikiliza, akauliza kitu kimoja, kama kuna aliyehifadhi chochote katika kompyuta ile baada yangu. Niliposema hapana alikwenda akachomoa waya ukutani. Alinieleza taratibu, kama anafundisha, kwamba faili iliyofutwa haiondoki papo hapo. Mfumo unasahau tu ilipokaa na kupaita pahali patupu, na maadamu hakijaandikwa kitu juu yake, bado imo. Aliiwasha kompyuta kwa kutumia flashi, ili diski isiguswe, akaanzisha programu ya kuokoa faili na kuiacha ifanye kazi hadi kesho yake.

Alhamisi asubuhi tulikuta faili elfu kumi na moja, zote bila majina, kila moja na namba yake tu. Wageni wakiwa wanatembezwa karakana, sisi tulikuwa chumba cha nyuma tukifungua moja baada ya nyingine. Tulikuta nyimbo, picha za harusi, ratiba za mwaka 2011, na barua ya mkubwa mmoja akiomba kazi chuo kingine, ambayo Madam aliifunga upesi akasema hakuiona. Kufikia jioni tulikuwa na alama za madarasa matano. La sita, useremala wa Magunga, wanafunzi thelathini na mmoja, halikupatikana. Pahali pake palikuwa tayari pameandikwa juu na mfumo wenyewe.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi Madam alikuwa kwenye gari la Sori. Magunga, Mwalimu Celestine alikuwa na alama zake katika daftari la mazoezi lililojaa vumbi la mbao. Mtandao wa intaneti huko ulikuwa umelala, kwa hiyo walipanda pamoja kilimani panaposhika simu, Madam akanisomea, mimi nikaandika, na kila alama nikamrudishia kwa sauti. Thelathini na moja, hivyo hivyo. Saa kumi na dakika arobaini nikatuma. Nilikaa chini nikalia, na sioni haya kusema hivyo. Julai wanafunzi wote mia moja themanini na sita waliketi kwenye mtihani.

Bw. Arasa aligundua siku ile ile kwamba alama zilikuwa zimepotea, akataka kujua ni nani. Madam Roseline alichukua lile daftari la mlangoni, na chini ya mahali pa kueleza kompyuta ilisema nini, aliandika kwa mkono wake: Diski. Imekataa. Ndiyo mara pekee neno hilo linaonekana katika madaftari yake tisa. Alipewa barua ya onyo kwa uzembe wa kutohifadhi nakala, na cheo cha mkuu wa kitengo, ambacho wote tulijua ni chake, kikampita mwaka huo na hakikurudi.

Nilimfuata nikitaka kusema. Alinikataza. Aliniambia mimi ni wa mkataba na nina mtoto wa wiki tatu nyumbani, ningefukuzwa kabla ya giza, lakini yeye barua haiwezi kumng'ata. Hata alipata la kucheka: alikuwa ameomba diski ya kuhifadhia nakala mara mbili kwa heshima zote bila kujibiwa, na wiki moja baada ya kuonywa ililetwa ikiwa bado kwenye boksi. Mwaka uliofuata alimwomba mkuu anihamishie kwake. Amenifundisha kila ninachojua, na kwa miaka minane hajanitajia habari ile hata kwa mzaha.

Mimi ndiye niliyenyamaza, na kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Nilijiambia nitasema mkataba ukiwa wa kudumu. Ulipokuwa wa kudumu nikajiambia nitasema mwakani. Nimeona haya, na naandika hapa kwa sababu kesho Madam hatakuwepo, na mimi nimepangiwa kiti chake.

Jumatatu ya tarehe 20 nilimpelekea mkuu wetu wa sasa, Bi. Bochaberi, maelezo yangu yenye sahihi, nikampigia na Bw. Arasa, ambaye amekuja leo na ameketi mstari wa mbele. Bw. Arasa alicheka hadi akakohoa, kisha akasema alimkosea mama wa watu. Bi. Bochaberi hakucheka. Alisoma mara mbili, akaniuliza kama najua ninachokifanya, akalipeleka jambo kwa kamati ya wafanyakazi. Kamati ilikaa Alhamisi iliyopita. Barua ya onyo imeondolewa katika faili ya Bi. Roseline Adoyo, na cheti chake cha utumishi kimeandikwa upya bila doa. Onyo lenyewe nimepewa mimi, kwa tarehe ya mwaka huu, na kiti nimeachiwa kwa majaribio ya miezi sita.

Madam, najua sasa unanitafuta kwa macho. Niko nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Ulinikataza nisiseme na nimekuvunjia neno, nawe utanigombeza nikija kukusalimu, nami nitasimama nisikilize hadi umalize. Chuo kizima kinakushukuru, na tawi la Magunga, na watu mia moja themanini na sita ambao wengi wao leo ni mafundi na wazazi na hawakuwahi kujua walikaribia kupoteza nini. Nenda Karungu ukapumzike na wajukuu, ng'ombe wako wanenepe, afya ikushike. Maisha yako ya mbele yawe mema, Nyar Karungu. Ulibeba kosa langu miaka minane bila kulalamika. Leo unatoka langoni mikono mitupu, nami nimebaki nalo.

Onchiri Nyabuto
Chumba cha Kompyuta